Ndoano Tatu katika Pipa la Burale

Mwaka wa ukame na mahindi ya njano ya msaada, 1984, kijiwe chetu cha Majengo kilikuwa na benchi moja la mbao, lenye nafasi ya watu wanne na nusu. Lilikaa kati ya jiko la kahawa la Burale na kibanda changu cha kushona viatu, kwa hiyo mimi sikwenda kijiweni. Kijiwe kilinifuata kazini. Kila saa kumi na moja jioni, Burale alipoweka mkaa chini ya birika lake la shaba, walifika watatu. Wa kwanza Daktari, jina lake halisi Bedan Muturi, aliyefagia maabara ya mifugo miaka kumi na mmoja akatoka na elimu yote iliyokuwa sakafuni. Wa pili Wakili, yaani Nabiswa, tarishi wa mahakamani, ambaye kwa kubeba mafaili aliamini amebeba na sheria. Wa tatu Dishon. Huyo tulimwita Nikeli, maana alifanya kazi katika karakana moja ya mtaa wa Baba Dogo ambako vyuma huchovywa kwenye mabafu ya dawa vikatoka vinang'aa: bampa za magari, mabomba, mikono ya baisikeli. Na ubishi wetu mkubwa wa mwaka ule haukuwa wa siasa wala wa mpira. Ulikuwa wa ndoano.

Jumatatu moja ya Agosti Rispa alikuja kabla maji hayajachemka. Rispa alikaanga samaki pale kona, hatua ishirini kutoka kwetu; mbuta wa ziwani, waliofika soko la Gikomba kwa lori. Kwa kawaida hakuwa na muda na sisi. Siku hiyo alisimama mbele ya benchi, akafungua kipande cha gazeti, akatuonyesha ndoano nyeusi. Kutu ilikuwa imeila mpaka shingo yake imebaki nyembamba kama sindano.

— Nyinyi wanaume mnajua vyuma, alisema. Hii ilitoka kwa koo ya mbuta. Jirani yetu Teresiah alinunua kichwa jana, akaiuma. Leo anasema tumbo inamkata. Niambieni tu ukweli. Iko na sumu ama haina?

Daktari aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na jicho, kisha mbali, kisha karibu tena.

— Rispa, huyu samaki alikuwa mgonjwa.

— Alikuwa mnono.

— Huo si unono, ni uvimbe. Kutu ikiingia kwa damu ya samaki, inazunguka mwili mzima dakika saba. Nyama inakunywa kutu. Wewe unakula nyama, unakunywa kutu.

— Kutu ni chuma, nikasema mimi. Kliniki walituambia hata sukuma wiki iko na chuma.

— Hiyo ni chuma ya majani. Hii ni chuma ya kiwanda.

Wakili alikuwa amekunja mguu, ishara kwamba kesi imefika mezani kwake.

— Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, alisema. Sasa tia chuma kwa hiyo damu. Itakuwa nzito aje? Samaki lazima azame. Na nyavu inapita chini. Kwa hivyo samaki wote tunakula ni wagonjwa. Wazima wako juu, wanaelea.

— Wale wanaelea si ndio wamekufa? aliuliza Burale.

— Hiyo ni kesi nyingine.

Dishon alikuwa akitabasamu muda wote, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuhesabiwa. Akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa ndoano yake. Jamani, ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya njano, inang'aa kama pete ya harusi.

— Shida si chuma, alisema. Shida ni chuma uchi. Hii nimeikunja na spoku, ule waya wa gurudumu la baisikeli, nikaichovya kwa lile bafu la njano pale kazini. Haishiki kutu. Weka kwa chumvi, weka kwa mvua. Kama samaki wako angekula hii, Rispa, Teresiah angeitoa mdomoni akaivaa sikio.

Alikuwa na nyingine sitini nyumbani, katika mkebe wa kakao. Zote alizitengeneza saa ya chakula cha mchana, kwa mikono yake. Nia yake, tuliyoijua sote, ilikuwa kuwauzia wavuvi kupitia watu wa lori, halafu aage karakana, aache kuamka saa kumi na moja alfajiri kutembea mpaka Baba Dogo. Alitaka kazi ambayo mtu anaifanya amekaa nje, anaona jua.

— Sijakuja kununua, alisema Rispa. Nimeuliza kama iko na sumu.

— Mimi ningekuwa wewe, alisema Daktari, ningefunga jiko wiki mbili.

Rispa alikunja gazeti lake, akaenda. Kahawa ikamiminwa.

Tumbo la Teresiah lilipona Jumanne. Habari zake hazikupona. Daktari alienda kunyolewa, akamweleza kinyozi zile dakika saba. Kinyozi akawaeleza vichwa vyote vilivyopita mikononi mwake. Kufikia Alhamisi, pale kwenye bomba la maji walikuwa wanasema kuna mama amelazwa, ulimi wake umeshika kutu. Watu walipita kwa jiko la Rispa wakishika pua, ingawa samaki hakuwa akinuka. Ijumaa alikaanga nusu ya kawaida. Jumamosi jioni nilimwona akiwamwagia paka wa Majengo beseni zima, na paka hawakuuliza habari za chuma.

Kisha akatujia, amejifunga leso kiunoni.

— Daktari, wewe ndiye ulisema kutu.

— Nilisema kitaalamu.

— Ulisema kwa kinyozi.

Daktari aliangalia kikombe chake.

— Niko na watoto wanne na jiko moja, alisema Rispa. Sitaki pole ya mtu. Mmesema samaki akikaa na kutu anakuwa mgonjwa. Sawa. Leteni samaki hapa, akae na ndoano mdomoni, sote tuone akiugua. Asipougua, wewe Daktari utapita nyumba kwa nyumba ukirudisha maneno yako.

— Ngoja tufikirie, alisema Wakili. Haraka haraka...

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema Burale, ambaye kwa kawaida hakuingilia. Leo ni tumbo la Rispa. Mimi natoa pipa.

Basi Jumapili, watu walipokuwa kanisani, sisi wanne tulitembea mpaka yale machimbo ya mawe ya upande wa Dandora. Burale alibaki na mkaa wake na kusafisha pipa. Ukame ulikuwa umelipunguza bwawa lililomo likabaki kama beseni la matope, na kambare walikuwa wamebanana humo wakivuta hewa juu kama wazee wenye pumu. Tulikuwa na ndoano tatu. Ya kwanza ya waya wa kawaida, uchi kabisa, ya kupimia neno la Daktari. Ya pili Dishon aliikunja kutoka mkono wa kijiko cha Burale, ile chuma nyeupe ya kijiko isiyoshika kutu hata ukiisahau ndani ya maji. Ya tatu ni ya njano.

Hatukukaa saa moja. Kila kambare aliposhika, tulikata kamba na kuiacha ndoano mdomoni, vile inavyokuwa mshipi ukikatika ziwani. Tulirudi nao watatu katika ndoo ya rangi, na njiani Wakili alitangaza sheria: hakuna kuwagusa, hakuna kuwaonea huruma, maji yabadilishwe kila siku mbili, na chakula ni kimoja kwa wote.

— Kwa nini kimoja? niliuliza.

— Sheria ni msumeno.

Kwa mara ya kwanza methali yake iliingia mahali pake, akashtuka yeye mwenyewe.

Pipa la Burale, lililokatwa nusu, liliwekwa nyuma ya benchi na kufunikwa kwa bati. Majina yalikuja yenyewe. Mkubwa mwenye ndoano ya waya akawa Chuma. Mwembamba akawa Kijiko. Wa tatu, mwenye udevu mmoja uliokatika, akawa Dhahabu. Tuliwapa ugali wa mahindi ya njano, ambao hata sisi tulikuwa tunaula kwa kukosa, na wao waliula vilevile.

Kijiwe kilijaa. Watu ambao hawajawahi kunywa kahawa ya Burale walikuja kuangalia pipa na kwa aibu wakanunua kikombe. Daktari alisimama kando akisoma dalili.

— Chuma macho yamemtoka. Hiyo ni kutu inapanda kichwa.

— Kambare wote macho yako hivyo, alisema Rispa.

— Siku ya tano mkia utakuwa mwekundu.

Siku ya tano mkia ulikuwa mweusi kama siku ya kwanza.

— Basi yeye ni wa kabila lile linachelewa, alisema Daktari.

— Mimi naona hivi, alisema Wakili. Ndoano ni mgeni kwa mdomo ya samaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hivyo hiyo ndoano sasa inamfanyia kazi. Anaitumia kuchimba matope.

— Hakuna matope kwa pipa.

— Ndio maana hamwoni akichimba.

Dishon hakucheka na sisi. Alikuwa ameinama juu ya pipa, maana yule aliyeacha kula siku ya nne hakuwa Chuma. Alikuwa Dhahabu. Ugali ulimpita puani akauangalia tu. Ngozi yake ilianza kupauka, na pale ndoano ya njano ilipoingia, nyama ilikuwa imefanya duara jeupe. Ndoano yenyewe ilikuwa bado inang'aa vizuri sana.

Siku ya nane, Burale alipofunua bati asubuhi, Dhahabu alikuwa amegeuza tumbo juu.

— Upweke, alisema Dishon jioni.

— Walikuwa watatu kwa pipa, nilimwambia.

— Hukuona wale wawili wakimtenga? Hao ni samaki, wanaona wivu. Mwenzao ana kitu inang'aa.

Jumapili iliyofuata alienda Dandora peke yake, akarudi jua limeshakuwa kali, amebeba kambare mwingine, mkubwa kuliko wote, mdomoni ana ndoano ya njano kutoka mkebe wa kakao. Akamtia pipani. Huyo hatukumpa jina.

Wiki hiyo ndiyo Rispa alipata haki yake. Siku ya kumi na tisa Burale alikuwa akibadilisha maji, akasikia kitu kidogo kimelia ndani ya pipa. Ilikuwa ndoano ya Chuma. Kutu ilikuwa imeila mpaka ikakatika yenyewe, na mdomoni mwa samaki kulibaki tundu dogo linalojifunga, kama sikio la msichana aliyetoboa halafu akakosa hereni. Chuma mwenyewe alikuwa amenenepa. Kijiko naye alikuwa bado na kijiko chake pembeni mwa mdomo, anakula nacho hivyo hivyo kama mzee mwenye kiko.

Rispa aliitwa. Aliangalia ile ndoano iliyokatika, akamwangalia samaki, akamgeukia Daktari.

— Haya. Kutu imefanya nini?

— Imetoka.

— Na samaki?

— Amebaki.

— Vaa viatu twende.

Walienda pamoja jioni ile, nyumba kwa nyumba, wakianza kwa Teresiah na kumalizia kwa kinyozi. Mimi nilifunga kibanda nikawafuata kwa nyuma, maana kitu kama hicho hakitokei mara mbili. Daktari hakusema popote kwamba alikosea. Kila mlangoni alisema: "Sayansi imeendelea." Lakini alisema huku amebeba kipande cha mbuta mkononi, akimega na kumeza, na kufikia nyumba ya kumi na nne alikuwa ameshiba mpaka anaongea kwa shida. Teresiah alitoka na sahani. Jumamosi, jiko la Rispa lilikuwa na foleni tena, na paka walirudi kukaa njaa.

Tungeishia hapo, tungekuwa tumefanya jambo jema. Lakini pipa lilikuwa bado na samaki wa Dishon.

Aliacha kula siku ya tatu. Dishon alimletea nyungunyungu, akamletea mkate uliochovywa kwenye chai. Alikuwa akitoka kazini anakuja moja kwa moja, anachuchumaa kando ya pipa na ovaroli yake, na sisi tuliongea kwa sauti ya chini kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Siku ya nane alipauka. Siku ya tisa, jioni, tukiwa tumekaa wote, alijigeuza taratibu mbele ya macho yetu, akatulia.

Dishon alimtoa akamlaza kwenye gazeti juu ya benchi.

— Si upweke, alisema.

— Inawezekana ni spoku, alisema Wakili. Spoku imezoea kuzunguka. Ukiikunja ikae mahali pamoja...

— Spoku ni chuma. Chuma tumeona. Ni ile kitu ya njano.

Mke wake, Nduta, alitokea wakati huo. Hakuwa mtu wa kupita kijiweni. Alikuja kwa sababu mumewe alikuwa hafiki nyumbani siku hizo, na majirani walimwambia ana pipa anakaa nalo. Tulimsogezea nafasi. Hakukaa. Aliangalia yule samaki.

— Baba Warigia, alimwambia mumewe, ndiye huyu amekufanya ulale na njaa?

— Amekufa.

— Naona. Ameuawa na nini?

Dishon alimweleza yote kwa utaratibu mzuri, kama anavyoeleza fundi: waya umetoka salama, kijiko kiko salama, ya njano imeua mara mbili. Akachomoa ile ndoano mdomoni mwa samaki, akaiweka katika kiganja cha mkewe. Nduta aliipima uzito. Haikuwa na uzito.

— Hii njano ni ile ya kazini?

— Ndiyo. Lile bafu.

— Ni nyingi kiasi gani hapa juu?

— Ni ngozi tu. Nyembamba kuliko karatasi.

— Na wewe ukichovya vyuma unatumia nini?

— Kikapu. Zikianguka, mkono.

— Mkono mpaka wapi?

Dishon alionyesha, nusu ya njia ya kiwiko.

— Miaka saba, alisema Nduta, si kwa kuuliza. Kisha akauliza: Kama samaki amekaa na ngozi ya karatasi siku tisa, mtu anakaa na bafu zima siku ngapi?

Wakili alifungua mdomo. Niliona methali imefika mpaka kwenye meno, ikarudi. Daktari, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu kinachoingia katika damu na dakika zake, alikuwa anaangalia mikono ya Dishon.

Dishon alikunja gazeti lile na samaki wake ndani. Kesho yake, badala ya kuingia karakana, aliingia ofisini. Alitusimulia baadaye bila kupandisha sauti. Msimamizi aliuliza ni nini hicho kinanuka mezani kwake. Dishon akasema ni samaki. Msimamizi akasema yeye anaona ni samaki, anauliza kinataka nini. Dishon akaeleza waya, kijiko na ya njano, akaomba glavu. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema samaki yeyote akikaa katika pipa la Majengo lazima afe, hiyo haihitaji bafu. Dishon akamwambia wawili bado wako hai, anakaribishwa kuja kuwaona, kahawa iko. Msimamizi hakuja. Lakini Dishon hakuondoka mlangoni pia, alisimama hapo na gazeti lake mpaka saa nne, na kwa sababu ya harufu au kwa sababu nyingine, ilipofika saa nne stoo ilifunguliwa.

Jioni alikuja kijiweni na glavu za mpira, nene, ndefu mpaka kiwiko. Nduta alikuwa amemtangulia, safari hii amekaa kwenye benchi. Dishon alizivaa tuone. Ya kushoto iliingia vizuri. Ya kulia ilikuwa na kidole gumba upande usio wake.

— Zote ni za kushoto, alisema. Stoo ilikuwa na hizi tu.

Tulizipitisha mkono kwa mkono. Daktari alisema labda mpira ulivimba. Wakili alisema kisheria glavu ni glavu.

Nduta alichukua ile moja, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole, akaivuta, akaigeuza nje ndani. Akaipuliza, vidole vikasimama kimoja kimoja. Ilikuwa ya kulia. Akamvisha mumewe, akaivuta mpaka kiwiko, akailainisha kwa kiganja.

— Na wengine mko wangapi kwa hilo bafu? aliuliza.

— Sita.

— Wana glavu?

— Hakuna mwenye glavu.

Nduta alimgeukia Wakili.

— Wewe si ndiye unafanya kazi mahakamani? Toa karatasi, tuandikie karakana barua ya glavu.

Wakili alipapasa mifuko yote, akapata bahasha ya serikali iliyo tupu nyuma. Kalamu hakuwa nayo. Nilimpa penseli yangu ya kuchorea soli. Akailamba, akainama.

— Barua inaanza aje? aliuliza kwa sauti ndogo, na ndipo tukajua kwamba miaka yote ile alikuwa hajawahi kuandika hata moja.

— Anza na majina, alisema Nduta.

Dishon, bado amevaa glavu zake mbili, akaanza kuwataja wenzake wa bafu.